Kichwa na mkia wa shamba: mwongozo wa kuboresha umwagiliaji wa juu ya ardhi

Umwagiliaji wa juu ya ardhi, yaani ule ambao maji huachiwa yatiririke au yatuame shambani bila mitambo ya kunyunyizia wala mabomba ya matone, ndio wa kale zaidi, na hadi leo ndio unaohudumia eneo kubwa zaidi la mashamba ya umwagiliaji duniani. Lawama yake inajulikana: unapoteza maji. Wapangaji wa skimu za umwagiliaji kwa kawaida hukadiria ufanisi wake shambani, yaani sehemu ya maji inayobaki kwenye mizizi, kuwa kama asilimia 60, ilhali kunyunyizia hupewa asilimia 75 na matone asilimia 90. Makadirio hayo yana msingi, lakini si hukumu ya kudumu. Majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo, yaliyosawazishwa vizuri na kupewa maji kwa kipimo yanaweza kupita asilimia 80, tena bila mkulima kununua mtambo wowote wa kudumu.

Chanzo kikuu cha upotevu ni kimoja, na hatua zote zinazofuata zinakilenga. Maji yanapoingia shambani, kichwa cha shamba, yaani upande wa mfereji, huanza kunyonya mapema, na mkia husubiri. Maji yakichukua saa tatu kufika mwisho, kichwa kimekwisha kunyonya kwa saa tatu kabla mkia haujapata tone. Mkulima akitaka mkia ushibe, kichwa hunywa kupita kiasi, na maji hayo ya ziada huzama chini ya mizizi yakiwa yamebeba mbolea. Akitaka kichwa kisizidiwe, mkia hubaki na kiu. Kuboresha umwagiliaji huu ni kupunguza tofauti hiyo ya muda hadi iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Hatua ya kwanza: tazama maji yanakoishia

Kabla ya kubadili chochote, fahamu hali ilivyo. Chukua nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita moja na nusu, inoe ncha kidogo, na uikunje juu ili iwe na mshikio. Siku moja baada ya kumwagilia, au siku mbili ikiwa udongo ni mfinyanzi, tembea kutoka kichwa hadi mkia na uichomeke ardhini kwa uzito wa mwili bila kuipigilia. Katika udongo uliolowa nondo hushuka kwa ulaini. Ikifika kwenye udongo mkavu husita, na mkono huhisi ugumu huo mara moja. Weka alama ya kidole kwenye nondo usawa wa ardhi, ichomoe, pima kina kwa futi kamba na uandike. Fanya hivyo kichwani, robo ya njia, katikati, robo tatu na mkiani, kwenye mistari mitatu au minne. Mahali penye mawe rudia hatua mbili tatu pembeni, kwa kuwa jiwe hudanganya kama udongo mkavu.

Vina hivyo husema mengi. Ikiwa kichwani ni sentimita 120 na mkiani 30, maji yanatembea polepole mno: ama mkondo ni mdogo, ama mstari ni mrefu kuliko udongo unavyoruhusu. Ikiwa katikati pekee ndipo penye kina kikubwa, kuna bonde linalotuamisha maji. Mkia ukiwa umelowa kuliko kichwa, mwisho wa shamba umezibwa na maji yanakusanyika hapo. Na ikiwa kila mahali kina ni sawa lakini kinapita mbali chini ya mizizi, mgawanyo ni mzuri na kosa liko kwenye muda peke yake, jambo ambalo ni rahisi kurekebisha kuliko yote.

Linganisha vina hivyo na mizizi ya zao lako. Vitunguu na kabichi huchota maji zaidi katika sentimita 30 hadi 60 za juu. Mahindi na pamba zilizokomaa hufika mita moja na zaidi. Usikadirie kwa macho: chimba shimo kando ya mmea na utazame mizizi inakofika, maana tabaka gumu lililosababishwa na jembe la trekta linaweza kuikomesha mapema sana kuliko vitabu vinavyosema.

Hatua ya pili: ujue udongo unavyonyonya na unavyohifadhi

Mambo mawili yanahitajika hapa, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kasi ya kunyonya. Udongo wa kichanga hunyonya zaidi ya milimita 30 kwa saa, tifutifu yenye kichanga 20 hadi 30, tifutifu 10 hadi 20, tifutifu yenye mfinyanzi 5 hadi 10, na mfinyanzi 1 hadi 5. Kwa shamba lako mwenyewe, tumia kipande cha pipa au bomba pana chenye kipenyo cha sentimita 30 hivi kilicho wazi juu na chini. Kikite ardhini sentimita 15, zungushia ukingo mdogo wa udongo, na umimine maji ndani na nje ili ya ndani yashuke moja kwa moja badala ya kutawanyika pembeni. Simamisha rula ndani, kisha andika maji yameshuka milimita ngapi baada ya dakika 5, 10, 20, 30 na kuendelea, ukiongeza maji yanapopungua. Mwanzoni kasi ni kubwa, baadaye hutulia. Kutokana na kumbukumbu hiyo utajua inachukua muda gani kwa kina unachotaka kuingia ardhini. Rudia mahali patatu angalau, kwa sababu hata ndani ya shamba moja udongo hutofautiana sana.

La pili ni uwezo wa kuhifadhi maji ambayo mmea unaweza kuyachukua. Mchanga huhifadhi milimita 25 hadi 100 kwa kila mita ya kina, tifutifu 100 hadi 175, na mfinyanzi 175 hadi 250. Tuchukue tifutifu yenye kichanga inayohifadhi milimita 140 kwa mita, na zao lenye mizizi ya sentimita 60. Akiba yote ni milimita 84. Mazao mengi huanza kuteseka akiba ikishuka chini ya nusu, kwa hiyo kiasi cha kurudisha kila unapomwagilia ni kama milimita 40. Namba hii ya 40 tutaitumia hadi mwisho, kwa hiyo msomaji aweke yake mwenyewe mahali pake.

Hatua ya tatu: pima maji yanayokufikia

Ni jambo la kusikitisha kwamba mkulima anayejua uzito wa kila gunia la mbolea mara nyingi hajui anapokea maji kiasi gani, ilhali maji ndiyo yanayoamua kama mbolea hiyo itafanya kazi. Kupima si kugumu. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka chenye urefu wa mita 20, chenye upana na kina vinavyolingana. Dondosha kijiti au chungwa bichi juu ya maji na uhesabu sekunde hadi lifike mwisho. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani. Tuseme ni sekunde 50: kasi ya juu ya maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini na ya pembeni hutembea polepole zaidi, chukua robo tatu ya kasi hiyo, yaani 0.3. Ikiwa mfereji una upana wa sentimita 40 na kina cha maji cha sentimita 15, eneo ni mita za mraba 0.06, na mkondo ni 0.06 mara 0.3, sawa na mita za ujazo 0.018 kwa sekunde, yaani lita 18 kwa sekunde.

Kwa mikondo midogo, ubao au bati lililokatwa pengo la umbo la V lenye pembe ya digrii 90 ni sahihi zaidi. Ukiziba mfereji kwa bati hilo ili maji yote yapite kwenye pengo na kuanguka huru upande wa pili, kina cha sentimita 10 juu ya ncha ya V ni lita 4.4 kwa sekunde, na sentimita 15 ni lita 12. Kina hicho kipimwe nyuma kidogo ya bati, ambako maji bado hayajaanza kuinama kuelekea pengo. Mfereji wako ukiwa na maji mengi kuliko hayo, rudi kwenye njia ya kijiti.

Hatua ya nne: sawazisha shamba

Kama fedha na nguvu zinatosha kwa jambo moja tu, na ziende hapa. Hakuna ustadi wa kuendesha maji utakaofidia shamba lenye vilima na mabonde: kilima cha sentimita 5 ndani ya jaruba humlazimisha mkulima kumwaga milimita 50 za ziada kila mahali pengine ili kilima hicho kifunikwe, na milimita 50 kwenye hekta moja ni mita za ujazo 500 za maji.

Pima kwanza. Kwa shamba dogo, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wenye urefu wa mita 15 hadi 20 na ncha zake zimefungwa kwenye fito mbili zenye alama za sentimita, unatosha kabisa. Ujaze maji, hakikisha hakuna mapovu ya hewa ndani, kisha simamisha fito mbili penye vigingi viwili: tofauti ya usawa wa maji kwenye fito ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Gawa shamba kwa vigingi kila baada ya mita 10, kwa urefu na kwa upana, chora ramani na uandike kimo cha kila kigingi. Ramani hiyo hushangaza hata mtu aliyelima shamba hilo miaka mingi, kwani jicho haliwezi kuona mteremko wa sentimita 10 kwenye mita 50, lakini maji huuona.

Kisha amua usawa unaoutaka. Kwa majaruba, lengo ni ubapa: tofauti kati ya mahali pa juu na pa chini isizidi sentimita 3 hivi kwa kazi ya mikono au ya ng'ombe. Kwa vifereji vya kati ya matuta, lengo ni mteremko mmoja usiobadilika, kati ya asilimia 0.05 na 0.5, mteremko wa asilimia 0.3 ni sentimita 30 kwa kila mita 100. Chini ya asilimia 0.05 maji ya mvua hayatatoka. Juu ya 0.5 udongo utaanza kuondoka na maji.

Katika kuhamisha udongo, mambo matatu yazingatiwe. Udongo uliojazwa hushuka unapolowa, kwa hiyo kiasi unachochimba kizidi kiasi unachojaza kwa takriban asilimia 20 hadi 30. Pili, usikate zaidi ya kina cha udongo wa juu wenye rutuba. Palipo na kilima kikubwa, kwangua udongo huo kwanza, uweke kando, sawazisha ulio chini, kisha urudishe wa juu. Mkulima anayepuuza hili atavuna mabaka ya mahindi ya njano kwa misimu kadhaa. Tatu, kama kilima kinahitaji udongo mwingi mno kuhamishwa, gawa shamba kuwa vipande viwili vyenye usawa tofauti badala ya kulazimisha kipande kimoja kikubwa.

Trekta yenye kifaa cha kuongozwa na mwanga wa leza hufanya kazi hii kwa usahihi mkubwa, na wakulima wakiikodi kwa pamoja gharama hugawanyika. Asiyeipata atumie maji yenyewe: jaza jaruba maji kidogo, tazama visiwa vinavyojitokeza, na uviburute kwa ubao hadi vizame. Baada ya umwagiliaji wa kwanza, rudi na mpira wako wa kupimia, kwa sababu palipojazwa patakuwa pameshuka.

Hatua ya tano: linganisha njia na ardhi

Majaruba yanafaa ardhi tambarare, mpunga na miti ya matunda, na mazao yasiyodhurika yakisimama majini kwa saa kadhaa. Kosa la kawaida ni kuyafanya makubwa kuliko mkondo unavyoweza kuyajaza haraka. Kwa mkondo wa lita 15 kwa sekunde, jaruba lisizidi takriban mita za mraba 100 kwenye kichanga, 300 kwenye tifutifu yenye kichanga, 600 kwenye tifutifu yenye mfinyanzi na 1,000 kwenye mfinyanzi. Mkondo ukiwa nusu ya huo, nusisha na eneo. Kugawa jaruba kubwa kwa kuongeza kingo ni kazi ya siku chache, na kwa wengi ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote.

Mikanda, yaani vipande virefu vyenye kingo pembeni na mteremko kuelekea mbele, inafaa malisho na nafaka zilizopandwa kwa kusambazwa. Siri yake ni wakati wa kufunga maji, kwa sababu maji yaliyoko juu ya ardhi huendelea kusonga mbele hata baada ya lango kufungwa. Kwenye mfinyanzi funga maji yanapofika asilimia 60 ya urefu. Kwenye tifutifu asilimia 70 hadi 80. Kwenye kichanga subiri yakaribie mwisho kabisa. Haya ni makadirio ya kuanzia, na nondo yako ndiyo itakayosema kama yanafaa shambani kwako.

Vifereji vya kati ya matuta ndivyo bora kwa mahindi, nyanya, viazi, pamba na mazao mengine ya mistari, hasa yale ambayo shina lake huoza likiguswa na maji. Kwenye kichanga maji hushuka zaidi kuliko yanavyotanda, kwa hiyo chonga vifereji vyembamba vya umbo la V vikiwa karibu karibu, sentimita 30 hadi 60. Kwenye mfinyanzi maji hutanda pembeni, hivyo vifereji viwe vipana na vifupi kwa kina, sentimita 75 hadi 150 kutoka kimoja hadi kingine. Ardhi ikiwa na mteremko mkali, vifereji vifuate kontua, yaani mistari ya kimo kimoja, na visishuke moja kwa moja.

Hatua ya sita: endesha maji kwa saa mkononi

Hapa ndipo penye ujuzi wenyewe. Kanuni iliyothibitika ni hii: maji yafike mkiani ndani ya robo ya muda unaohitajika ili kina kinachotakiwa kiingie ardhini. Tofauti kati ya kichwa na mkia haiondoki, lakini inakuwa ndogo kiasi cha kuvumilika.

Chukua vifereji vya mita 80, vilivyo sentimita 75 kutoka kimoja hadi kingine. Kila kimoja kinahudumia mita za mraba 60. Milimita 40 kwenye eneo hilo ni mita za ujazo 2.4, na kwa ufanisi wa asilimia 60 inabidi kuingiza mita za ujazo 4. Tuseme kipimo cha hatua ya pili kilionyesha kuwa milimita 40 huingia kwa dakika 90. Robo yake ni kama dakika 22, na maji yanapaswa yafike mwisho kwa muda huo.

Chomeka vijiti kila mita 20. Fungulia lita 1 kwa sekunde na uandike dakika ambayo ulimi wa maji unagusa kila kijiti. Ulimi huo ukisimama mahali fulani na kutanda badala ya kusonga, hapo pana bonde au ufa. Weka alama ya kurekebisha. Yakifika mkiani mapema sana huku yakiwa na rangi ya udongo, mkondo ni mkali. Yakichelewa, ongeza mkondo, au kata kifereji katikati kwa mfereji mwingine wa kugawia. Kiasi cha juu kisichoharibu udongo hukadiriwa kwa kugawa 0.6 kwa mteremko wa asilimia: mteremko wa 0.3 huruhusu lita 2 kwa sekunde, wa 0.5 lita 1.2, na hata kwenye mteremko mdogo sana ni busara kutopita lita 3.

Maji yakishafika mkiani, punguza mkondo kwa nusu. Kuyaacha yaje kwa nguvu ileile ni kuyatoa nje ya shamba, kwani kifereji kilichokwisha kulowa kote hakihitaji tena msukumo. Dakika 22 za lita 1 kwa sekunde zimeingiza mita za ujazo 1.3; zilizobaki 2.7 zitaingia kwa dakika 90 za nusu lita. Kichwa kitakuwa kimekaa na maji dakika 112, mkia 90. Linganisha na tofauti ya saa tatu tuliyoanza nayo.

Upunguzaji huu ni mwepesi kwa mabomba ya sifoni, yaani vipande vya bomba vilivyopindwa ambavyo hujazwa maji na kuvushwa juu ya ukingo wa mfereji. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3, usawa wa maji ya mfereji ukiwa sentimita 7 juu ya usawa wa kifereji, hutoa kama nusu lita kwa sekunde. Anza na mawili kwa kila kifereji. Maji yakifika mwisho, ondoa moja. Zaidi ya hapo, ukingo wa mfereji haukatwi kwa jembe kila mara, na hivyo haudhoofiki.

Maji unayoyapunguza yawe na pa kwenda. Kwa mkondo wetu wa lita 18 kwa sekunde, unaanza na vifereji 18 kwa pamoja. Ukiondoa bomba moja kwa kila kimoja, lita 9 zinaachwa huru, na lazima vifereji 9 vingine viwe tayari kuzipokea wakati huohuo. Panga makundi hayo kabla maji hayajaja, la sivyo mfereji utafurika na kubomoka, na mtu atalaumu mbinu badala ya mpangilio.

Kwenye udongo mwepesi unaonyonya haraka kuna njia nyingine, iliyofanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970: kutoa maji kwa vipindi. Unafungulia hadi yafike robo ya kifereji, unayahamishia kundi la pili, kisha unarudi kundi la kwanza na kuyasukuma hadi nusu, na kuendelea hivyo. Sehemu iliyolowa na kupumzika hujiziba kiasi juu yake, ikanyonya polepole, na maji ya kipindi kinachofuata huipita mbio. Kwa mkono inahitaji uangalizi na makundi mawili yanayolingana, lakini kwenye kichanga faida yake ni kubwa. Kwenye mfinyanzi unaopasuka, au udongo ambao tayari unanyonya polepole, usijisumbue nayo.

Wakati maji ni haba, unaweza pia kumwagilia kifereji kimoja na kuruka kimoja, na zamu inayofuata kubadilishana. Kila mmea hupata maji upande mmoja, na ardhi inayolowa juu, ambayo jua huinyang'anya maji bila faida, inapungua. Njia hii inafaa udongo unaotandaza maji pembeni, na haifai kichanga.

Hatua ya saba: amua siku ya kumwagilia kwa kugusa udongo

Ratiba ya zamu huamuliwa na skimu, lakini ndani ya zamu hiyo bado kuna nafasi ya kuchagua. Ikiwa zao linatumia milimita 5 kwa siku na umeweka milimita 40, akiba itafika nusu baada ya siku 8. Katika siku za baridi au zao likiwa changa, muda huo hurefuka; wakati wa joto kali na maua hufupika. Hakikisha kwa kuchimba nusu ya kina cha mizizi na kufinya udongo mkononi: tifutifu inayoshikamana ikawa donge lisilovunjika ukilirusha na kulidaka bado ina maji, inayomeguka mara moja inahitaji maji. Usingoje majani yajikunje asubuhi, maana wakati huo mavuno yamekwisha kupungua.

Kwa mpunga, desturi ya kuacha majaruba yamefurika msimu mzima si ya lazima. Chomeka bomba lenye matundu ubavuni, likiingia ardhini sentimita 20 hivi, na utoe udongo ulio ndani ili uone usawa wa maji. Maji yakishuka hadi sentimita 15 chini ya uso wa ardhi, jaza tena hadi sentimita 5 juu yake. Anza wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, na uache kukausha wakati wa kutoa maua, ambapo jaruba liwe na maji daima. Mpunga hauteseki kwa kiwango hicho, na maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30. Shamba lenye magugu mengi lidhibitiwe magugu kwanza, kwa kuwa maji yaliyosimama ndiyo yaliyokuwa yakiyazuia.

Hatua ya nane: mfereji wa kuleta maji na mtaro wa kuyatoa

Mfereji wa udongo wenye urefu chini ya mita 200 unaopita kwenye mchanga hufikisha kama asilimia 80 ya maji; ukizidi kilomita 2 hufikisha asilimia 60 tu. Kwenye mfinyanzi namba hizo ni 90 na 80, na mfereji uliosakafiwa hufikisha 95. Kabla ya kufikiria saruji, ng'oa magugu, ziba mashimo ya panya na kaa, na unyooshe kingo. Kisha pima mkondo kwenye banio, yaani pale maji yanapoingizwa mferejini, na shambani siku ileile. Tofauti ikiwa kubwa, tembea na mfereji ukitafuta mahali penye majani mabichi nje ya ukingo wakati wa kiangazi. Sakafia kipande hicho kwanza.

Mtaro wa mkiani usisahauliwe. Maji yanayofika mwisho, hata yakiwa machache, yaelekezwe kwenye bwawa dogo au shamba la chini yake, na usiyaruhusu yatuame. Shamba linalomwagiliwa bila njia ya kutoa maji huinua maji ya ardhini mwaka hadi mwaka, na yakikaribia uso chumvi hupanda nayo. Dalili ya kwanza ni unga mweupe juu ya matuta asubuhi kavu. Ukiuona, panda mbegu ubavuni mwa tuta badala ya kileleni, kwa sababu maji yanayotanda kutoka pande mbili huisukuma chumvi ikutane kileleni. Kisha, mtaro ukiwa unatoa maji vizuri, weka maji ya ziada mara moja moja ili kuisafisha chumvi ishuke chini ya mizizi. Kusafisha chumvi bila mtaro huongeza tatizo badala ya kuliondoa.

Hatua ya tisa: badili jambo moja, kisha rudia nondo

Weka daftari la shamba lenye safu sita: tarehe, mkondo, dakika za kufika kila kijiti, dakika ya kupunguza, dakika ya kufunga, na vina vya nondo siku iliyofuata. Katika kila zamu badili jambo moja tu, ama mkondo, ama urefu, ama muda, ili ujue badiliko lipi lilileta tofauti. Tarajia namba za umwagiliaji wa kwanza baada ya kulima ziwe mbali na za wa tatu, kwani udongo uliotifuliwa hunyonya haraka sana na hutulia baadaye. Kwa sababu hiyo mkondo wa mara ya kwanza uwe mkubwa zaidi, na ukurasa wake usichanganywe na mingine. Ikiwa baada ya zamu tatu au nne vina vya mkiani bado viko chini ya theluthi mbili ya vile vya kichwani, mkondo na muda havitoshi kuponya shamba hilo: fupisha vifereji kwa nusu na uanze vipimo upya.